Kula kwa mawazo: kugonga kwa vidole kunasaidia wapi na kunakwama wapi

Mwezi huu tumeziweka pamoja barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi zinazouliza kuhusu kugonga kwa vidole, yaani kujigonga sehemu kadhaa za uso na mwili kwa ncha za vidole huku ukitaja hisia uliyonayo, njia ambayo wengi wameiona kwenye simu zao ikisifiwa kuwa dawa ya kula kupita kiasi. Wanaojibu ni mshauri nasaha na mtaalamu wa lishe, na wameandika kwa pamoja. Jambo moja wameomba lisisahaulike katika kila jibu: kugonga hakuyeyushi mafuta ya mwili. Kunachofanya ni kuleta nafasi ya dakika chache kati ya moyo ulioudhika na mkono unaokwenda kwenye sahani, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kutambua kilichomsumbua.

Swali: Shikamooni wataalamu. Mimi nabangua korosho nyumbani na kuziuza kwa pakiti. Mchana nakula kawaida. Usiku watoto wakishalala, nikikaa kupiga hesabu za madeni, mkono unaingia kwenye beseni la korosho za vipande mpaka nusu bakuli imekwisha, na njaa sina. Nimesikia mtu anajigonga usoni kwa vidole anaacha. Nifanyeje hasa, hatua kwa hatua?
*Mama wa watatu, Masasi*

Jibu: Marahaba, mama. Umeshatusaidia sana, kwa sababu umetaja saa, mahali, chakula chenyewe na kinachotangulia, yaani hesabu za madeni. Wengi huandika tu kwamba wana uroho. Mtu akijiita mroho hana pa kuanzia, lakini mwenye hofu ya deni anapo.

Kwanza hakikisha kwamba kweli si njaa. Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali chakula chochote, na ukishiba hutulia. Uchu unaoletwa na mawazo huja ghafla, hutaka kitu kimoja tu, na ukishamaliza kula bado moyo haujaridhika. Jiulize: ningeletewa ugali wa muhogo na mlenda sasa hivi, ningekula? Kama jibu ni ndiyo, kula. Kujigonga juu ya njaa ya kweli ni kujitesa, na kesho yake utakula mara mbili. Kama chakula cha jioni kilikuwa saa kumi na mbili na sasa ni saa tano usiku, huenda tumbo lako linadai haki yake.

Ukiona ni uchu, sogeza beseni mkono usilifikie, ila usilifunike. Uchu unatakiwa uwepo ndipo upimwe. Upe alama kuanzia 0 mpaka 10, ambapo 0 ni hakuna kabisa na 10 ni kushindwa kuvumilia, kisha uiandike. Sikiliza pia mwili: kifua kimebana? Tumbo linasokota? Shingo imekaza? Hofu au hasira ipate jina na mahali inapokaa.

Sasa anza. Kwa ncha za vidole vinne vya mkono mmoja, gonga ukingo wa kiganja cha mkono wa pili, ile nyama laini kati ya kifundo cha mkono na kidole cha mwisho. Huku unagonga, sema mara tatu, kwa sauti au kimoyomoyo: "Ingawa nina hofu ya lile deni na kifua kimebana, na nazitaka hizi korosho, najikubali nilivyo." Taja deni lenyewe, na anayekudai.

Halafu tumia ncha za kidole cha shahada na cha kati, ukigonga mara 5 hadi 7 kila mahali kwa nguvu ya mtu anayebisha mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga. Nenda kwa mpangilio huu: mwanzo wa nyusi, pale karibu na pua, pembe ya nje ya jicho, juu ya mfupa, mfupa ulio chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kishimo kati ya mdomo wa chini na kidevu, chini ya mtulinga, kama sentimita mbili au tatu kutoka mitulinga inapokutana, ubavuni, upana wa kiganja chini ya kwapa, na mwisho utosini. Kulia au kushoto ni sawa. Kila mahali taja maneno machache tu: "hofu ya deni", "kifua kimebana", "nazitaka". Usijipinge wala kujihubiria. Unasema kilichopo.

Duru moja haizidi dakika moja na nusu. Vuta pumzi ndefu, itoe taratibu, pima tena. Ikiwa alama ilikuwa 8 na sasa ni 5, duru inayofuata sema "hii hofu iliyobaki". Duru 3 hadi 5 huwatosha wengi kufika 2 au chini yake. Ukifika hapo, inuka uondoke kwenye beseni, usijijaribu.

Mtaalamu wa lishe anaongeza neno kuhusu korosho, maana si adui. Gramu 28, ambazo ni kama korosho 18 nzima, zina kalori zipatazo 155, na ni chakula chenye protini na mafuta mazuri. Taabu ni kwamba gramu 100 zinafika kalori 550 hivi. Bakuli lenye gramu 200 linakupa 1,100 kabla hujajua umekula, na hiyo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku ya wanawake wengi. Kwa hiyo pima fungu lako mapema kwenye kikombe kidogo, funga beseni, na hesabu za madeni zihamishie mchana, mbali na kazi ya kufungasha. Kujigonga hakulipi deni. Kunakutuliza ili ukae chini upange malipo.

Swali: Habari za kazi. Naendesha bodaboda Mtwara mjini. Kila mwenye pikipiki akipiga simu kuulizia hesabu, nikikata tu naagiza chipsi mayai. Nikianza kujigonga usoni kijiweni si nitachekwa?
*Dereva, Mtwara*

Jibu: Zipo sehemu ambazo hakuna atakayezigundua. Ukingo wa kiganja unaweza kuugonga ukiwa umekaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Mtulinga unaweza kuusugua taratibu kama mtu anayejikuna. Na vidole: kwa kidole gumba gonga ubavu wa kila kidole cha mkono uleule, karibu na shina la ukucha, kimoja baada ya kingine. Maneno yasemee moyoni. Usifanye hivyo ukiwa barabarani unaendesha.

Wakati ndio siri yake. Anza mara unapokata simu, uchu ukiwa bado 4 au 5. Ukisubiri mpaka harufu ya mafuta ya moto ikufikie umeshachelewa. Tunakuomba pia uangalie ulikula nini mchana. Dereva aliyekunywa chai ya saa moja asubuhi tu, saa kumi jioni ana njaa halali, na simu ya mwenye chombo imeikuta njaa hiyo tayari. Sahani ya wali na maharage saa saba itakupunguzia nusu ya vita.

Swali: Nimejaribu kila jioni nikitoka shule. Nagonga vizuri, naijua mipangilio yote, lakini alama haishuki chini ya 7 na naishia kula maandazi sita na chai ya maziwa. Nakosea wapi?
*Mwalimu, Newala*

Jibu: Pole, mwalimu. Barua za namna hii ndizo nyingi, na mara chache kosa huwa kwenye vidole. Kosa kubwa liko kwenye maneno.

La kwanza, maneno mapana. "Ingawa nina msongo wa mawazo" haina pa kushika. Msongo ni mkusanyiko wa matukio, na kila tukio lina sura, sauti na saa yake. Chukua moja. Kwa mfano: "Ingawa leo nimesahihisha madaftari 80 halafu nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba sifanyi kazi, na uso umewaka moto, najikubali." Gonga juu ya sentensi ile uliyoambiwa, kwa maneno yaleyale, mpaka ukiikumbuka uso hauwaki tena. Kisha ndipo urudi upime uchu wa maandazi. Mara nyingi utaukuta umeshuka bila kuutaja.

La pili, kukimbilia mazuri. Wengi wamefundishwa na video kusema "mimi ni mwembamba, mimi ni mtulivu" tangu duru ya kwanza. Moyo unakataa, kwa sababu unajua si kweli, na ubishi huo unaongeza alama. Maneno ya matumaini yana nafasi yake alama ikishafika 3.

Kisha kuna neno "najikubali". Kwa baadhi ya watu, hasa waliokulia kwenye lawama, neno hili linakwama kooni. Lisikusumbue. Badilisha useme "niko tayari kujisikiliza" au "najitahidi, na Mungu anaona". Utakuwa umefanya kazi ileile.

Angalia pia unavyogonga. Ukifanya huku televisheni inaongea na jicho moja liko kwenye simu, unachezesha vidole tu. Hisia lazima iwepo. Na kama alama inapanda kutoka 7 hadi 9 katika duru ya kwanza, usiogope. Maana yake umeligusa jambo lililokuwa chini ya uchu. Endelea na jambo hilo, uache maandazi kwanza.

Tumeacha la mwisho ambalo tunadhani ndilo lako. Inawezekana yale maandazi na chai ndiyo mapumziko pekee unayoyapata kutoka alfajiri hadi usiku. Ukitoka shule unaingia jikoni, ukitoka jikoni unaandaa masomo. Ikiwa chakula ndicho kiti chako pekee cha kupumzikia, moyo hautakubali kukiachia mpaka upewe kingine. Gonga hivi: "Ingawa nikiacha maandazi sitapumzika kabisa leo..." Kisha lipatie hilo jibu la kweli: dakika 20 za kukaa barazani bila kutumwa na mtu, na nyumbani wajue kwamba hizo ni zako. Maandazi mawili na chai yako kunywa. Hakuna aliyesema uyaache yote.

Swali: Mume wangu anasema huu ni uganga wa kigeni na nikiendelea nitajiharibia ibada. Ni kweli?
*Liwale*

Jibu: Hakuna jini wala pepo anayeitwa, hakuna kafara, na hakuna dawa ya kunywa. Sehemu zinazogongwa zilichukuliwa kwenye elimu ya Kichina ya kuchoma sindano, lakini hulazimiki kuamini lolote kuhusu njia za nguvu mwilini ili ufanye. Maneno unayachagua wewe, na wapo wanaoweka dua au sala mahali pa "najikubali". Mwonyeshe mumeo hatua zote mbele yake, zisiwe siri. Atakayekuuzia mafuta ya kujipaka kwanza, au akadai vidole vyake ndivyo vyenye baraka, huyo mkimbie.

Swali: Hapa hospitalini wagonjwa wa shinikizo la damu wananiuliza kuhusu hii EFT, yaani huku kugonga kwa vidole. Kabla sijawajibu nataka kujua imetoka wapi na utafiti unasemaje, bila kupambwa.
*Muuguzi, Nachingwea*

Jibu: Chanzo chake ni Marekani. Mwanasaikolojia Roger Callahan ndiye aliyeanza kugonga sehemu za mwili pamoja na kutaja hofu, katika miaka ya 1980, na kila tatizo alilipa mpangilio wake. Mwanafunzi wake Gary Craig, aliyesomea uhandisi, akairahisisha katika miaka ya 1990 kuwa mpangilio mmoja kwa matatizo yote. Huo ndio unaoitwa EFT.

Kuhusu chakula, jina utakalolikuta zaidi ni la Peta Stapleton wa Chuo Kikuu cha Bond, Australia. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu watu wazima 96 wenye uzito uliozidi, na matibabu yalikuwa ya wiki 4. Waliogonga walipungukiwa na uchu wa chakula kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao. Lakini mwishoni mwa wiki hizo uzito wao haukuwa umetofautiana na wa wale wengine. Hilo waambie wagonjwa wako mapema: uchu unaweza kushuka na mizani isiseme kitu kwa muda.

Upande wa pili upo utafiti wa Kanada wa mwaka 2003, wa Waite na Holder, juu ya hofu. Wanafunzi wa chuo waligawanywa: wapo waliogonga sehemu za EFT, wapo waliogonga sehemu zisizo rasmi mkononi, na wapo waliomgonga mwanasesere. Makundi yote matatu hofu ilipungua. Hapo ndipo ubishi ulipo hadi leo: je, kazi inafanywa na sehemu zile, au na kutaja hisia wazi huku mwili una shughuli ndogo ya kujirudia, pumzi imetulia na umakini umekaa mahali pamoja? Sisi tunaegemea maelezo hayo ya pili, na ndiyo maana hatuwasumbui watu kwa kukosea sehemu kwa sentimita moja. Tunawasumbua kwa maneno.

Kwa mgonjwa wa presha, mwambie hivi: dawa zake asiziguse, chumvi aipunguze kama alivyoelekezwa, na kugonga kuwe msaada wa jioni dhidi ya kula kwa mawazo. Hakuna gharama na madhara yake ni machache, ila kwa mtu aliyepitia ukatili au msiba mzito kumbukumbu inaweza kufumuka ghafla. Huyo asianze peke yake. Ikitokea, mwache aache kugonga, aweke nyayo zote mbili chini, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, na abaki na mtu.

Swali: Natumia insulini. Usiku huwa napata hamu kali ya kula vitu vitamu, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Mke wangu anasema nijigonge hamu ipite. Nijaribu?
*Baba wa Lindi*

Jibu: Hapana, mzee wetu. Usijigonge hata mara moja katika hali hiyo. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na hamu ya ghafla ya vitamu kwa mtu wa insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamaidi, ni dalili za sukari kushuka. Pima. Ikiwa chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L, au kama mashine huna, kunywa mara moja sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, upime tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda na chakula kijacho kiko mbali, kula kitu kidogo, kama kipande cha muhogo au mkate. Korosho na karanga si za kuanzia hapa, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Mama naye ajue: ukilegea ukapoteza fahamu asikumiminie chochote mdomoni. Akulaze ubavu na akukimbize hospitali. Na kwa kuwa inakutokea mara kwa mara usiku, rudi kliniki na daftari la vipimo. Huenda kipimo cha insulini cha jioni kinahitaji kurekebishwa, na hilo ni la daktari wako.

Swali: Ramadhani ikifika najiahidi kula kwa kiasi, lakini futari ikiwekwa nakula mpaka siwezi kusimama tarawehe. Kugonga kutanisaidia?
*Kijana, Kilwa Masoko*

Jibu: Wakati wa futari, kidogo sana. Hiyo ni njaa ya kweli, na njaa hujibiwa kwa chakula. Dawa yake ni mpangilio. Fungua kwa tende tatu na maji, swali Magharibi, kisha ndipo urudi kwenye uji, mihogo na samaki. Habari ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani, na ile nafasi ya swala inaipa muda.

Kugonga kuna kazi kwenye daku. Wengi hujishindilia saa kumi usiku kwa kuiogopa njaa ya mchana, na aliyejishindilia huamka na kiu kali. Gonga duru mbili juu ya hofu hiyo, "ingawa naogopa nitaishiwa nguvu saa nane mchana", kisha ule daku la kawaida.

Swali: Wanangu, hamjambo? Nalea mjukuu wa kiume wa miaka kumi. Tangu mama yake aende Dar es Salaam kutafuta maisha, mtoto anaiba chakula usiku, anakula gizani. Nimemchapa haikusaidia. Naweza kumfundisha hicho mnachokiita kugonga?
*Bibi, Mikindani*

Jibu: Shikamoo bibi, hatujambo. Unaweza, ila anza na mambo mengine matatu. Fimbo iache, na neno mlafi lisitamkwe tena nyumbani, kwa sababu mtoto anayeona aibu hula kwa kujificha zaidi. Chakula kisifungiwe kwa kufuli. Mweke ratiba: chai, chakula cha mchana, kitu kidogo saa kumi, chakula cha usiku, na kila siku saa zilezile, ili ajue chakula kipo na kitakuwepo. Tatu, simu ya mama iwe na siku yake maalumu. Ahadi ya "atapiga" isiyo na siku inamuumiza mtoto kuliko ukimya.

Kugonga fanyeni kama mchezo. Kaeni mkitazamana, wewe jigonge mwenyewe, naye akufuatishe. Usimgonge wewe, na akikataa mwache. Badala ya namba, akuonyeshe kwa mikono: mikono ikitanuka kabisa ni kubwa sana, viganja vikikaribiana ni kidogo. Maneno yatoke kwake. Muulize, "Usiku ule ulipoamka, ulikuwa unawaza nini?" Akisema "namkumbuka mama", hayo ndiyo maneno ya kugonga: "Ingawa namkumbuka mama, bibi ananipenda." Duru mbili zinamtosha, kisha mpeleke akacheze. Kabla ya yote hayo apimwe uzito na urefu kituo cha afya, na apate dawa za minyoo kama hajapata karibuni. Kuna watoto wanaotuhumiwa wizi wa chakula kumbe wanakua tu.

Swali: Kwenye sherehe za unyago kwa ndugu zetu Tandahimba, ukikataa kuongezewa unaambiwa unaringa. Nakula kwa kuogopa maneno. Nijigonge kabla ya kwenda?
*Dada wa Mtwara*

Jibu: Ndiyo, kabla, nyumbani, na lengo liwe hofu ya maneno: "ingawa shangazi atasema naringa na tumbo limenikaza..." Ukifika, pakua mwenyewe mapema kabla hujapakuliwa, kula taratibu ili sahani isikae tupu mbele ya wenyeji, na sifia chakula kwa jina lake. "Shangazi, huu mchuzi wa pweza umenikaa, nifungie kidogo niende nao nyumbani." Umepokea, umeheshimu, na hujala zaidi ya uwezo wako.

Swali: Ninasoma chuo. Nakula kila kilichopo chumbani mpaka tumbo linauma, halafu najitapisha. Ni mara tatu au nne kwa wiki, tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu. Kugonga kutaniponya?
*Binti, Mtwara*

Jibu: Mdogo wetu, tunashukuru umeandika. Huu ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na si tabia mbaya. Lakini kugonga peke yake hakutoshi hapa, na tusingependa ukapoteze miezi mingine ukijaribu. Kujitapisha hupunguza potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika hata kwa kijana anayeonekana mzima. Unahitaji kipimo cha damu na mtu wa kuzungumza naye kila wiki.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, au ile ya rufaa ya kanda ya kusini iliyopo hapo Mtwara, uulizie huduma za afya ya akili. Ukiona aibu kueleza, mwonyeshe daktari maneno haya uliyotuandikia sisi: nakula kupita kiasi, najitapisha, mara ngapi kwa wiki, tangu lini. Hayo yanatosha kuanza. Ukipata mapigo ya moyo yanayorukaruka, kuzimia, au damu kwenye matapishi, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hadi siku ya miadi: usifunge kula mchana kufidia ya usiku, maana kushinda njaa ndiko kunakoleta mlo mkubwa unaofuata. Ukitapika usipige mswaki papo hapo. Sukutua kwa maji yenye chembe za magadi ya soda, usubiri nusu saa, kwa sababu tindikali ya tumbo huwa imelainisha meno. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini. Baadaye mshauri wako akiona kugonga kunafaa, ataiingiza njia hii mwenyewe kwenye matibabu.

Swali: Nitajuaje kwamba inanifaa, na nisubiri muda gani?
*Ruangwa*

Jibu: Chukua daftari, si kumbukumbu ya kichwa. Kila uchu unapokuja andika mstari mmoja: saa, chakula ulichotaka, hisia iliyokuwepo, alama kabla, alama baada, na kama ulikula au hukula. Hata siku uliyoshindwa iandike. Usijipime uzito kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, asubuhi, kabla ya chai.

Baada ya wiki mbili soma safu ya hisia. Karibu kila mtu hukuta kwamba uchu wake una sababu mbili au tatu tu zinazojirudia, kwa mfano upweke wa jioni ya Jumapili, au malipo ya korosho yanayochelewa ilhali ada ya Januari inakaribia. Hizo ndizo za kugongea kwa makusudi, hata siku ambayo uchu haupo, dakika 10 asubuhi. Baada ya wiki nne linganisha idadi ya mara ulizokula bila njaa katika wiki ya kwanza na ya nne. Zikiwa zimepungua, endelea. Zikiwa zilezile, iache njia hii bila kujilaumu, ulichukue daftari hilohilo umpelekee mhudumu wa kituo cha afya. Mwambie pia dawa zote unazotumia, maana sindano ya uzazi wa mpango, prednisoloni na baadhi ya dawa za afya ya akili huongeza hamu ya kula, na hakuna kugonga kutakakobadilisha hilo. Usiache dawa yoyote kabla hujazungumza naye.